Mwezi Mwandamo Juu ya Nyusi

Mtu aliyezoea kambi za vitalu vya uwindaji vya Tanzania hahitaji kumuuliza mgeni ameleta bunduki ya aina gani. Anamtazama usoni tu. Mgeni akiwa na kovu lililopinda juu ya jicho la kulia, jembamba kama mwezi mwandamo, basi darubini ya bunduki ilikwisha kumpiga, na kwa kuwa mwezi huu haungoji tangazo la Mufti, unaweza kuandama tena kesho alfajiri. Chanzo chake hakina fumbo. Darubini nyingi za uwindaji hutaka jicho likae kama sentimita 9 nyuma ya kioo. Kitako kikiwa kifupi kuliko mkono wa mwenyewe, au darubini ikiwa imefungwa nyuma mno, au mtu akinyoosha shingo kutafuta picha iliyo safi zaidi, sentimita hizo 9 hugeuka 5. Bunduki ikirudi nyuma, chuma hakijali kwamba aliye nyuma yake ametoka Texas na amelipia safari nzima kwa dola.

Nashikilia kwamba visa vingi vya namna hii, vya kuchekesha na visivyochekesha, havianzii porini. Huanzia dukani, mnunuzi anapotafuta bunduki ya kumtisha nyati na kutoka na bunduki inayomtisha yeye mwenyewe. Anauliza ukubwa wa risasi kabla ya kuuliza kama kitako kinamkaa begani. Anajua uzito wa risasi, kasi yake na jina la aliyeibuni, ila urefu kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa kitako haujui, ilhali huo ndio utakaoamua kama atarudi nyumbani na nyusi zote mbili.

Tuangalie teke lenyewe. Bunduki ya milimita 7 iliyobuniwa na Mauser, maarufu kwa jina la 7x57, hurusha risasi ya gramu 9 hadi 11, na teke lake mtu mzima wa kawaida hulivumilia bila kubadili sura. Ile ya inchi .375 ya Holland & Holland, iliyotoka London mwaka 1912, hurusha risasi ya gramu 19 na kupiga teke la karibu mara tatu ya hilo. Ya .460 ya Weatherby hurusha gramu 32, na teke lake ni zaidi ya mara mbili ya lile la .375. Bega lina nyama na mfupa, litapona. Ubongo ndio hausamehe. Ukishapigwa mara chache, hujifunza kufumba macho na kuvuta mtutu chini nukta moja kabla risasi haijatoka, na mwenye ubongo huo huwa wa mwisho kujua. Kuna jaribio la kikatili la kuthibitisha hilo: mwenzako anakukabidhi bunduki akisema ina risasi, kumbe chemba ni tupu. Unalenga, unavuta kifyatulio, panasikika "tik" tu, na mbele ya wote mtutu unapiga mbizi na macho yanafumba kwa ajili ya mlipuko ambao haukutokea. Upepo hauwezi kulaumiwa hapo.

Ushahidi wangu mkubwa ni Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880, aliyepata jina la Karamojo kwa safari zake za pembe huko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda ya leo. Aliua tembo zaidi ya 1,000, hesabu ambayo leo haimpi mtu sifa, na wengi wao aliwaua kwa ile 7x57. Wenzake walibeba mizinga iliyowaacha wakitafuta kofia zao. Yeye alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, kisha akapeleka pale risasi ndogo isiyomtikisa. Jim Corbett naye, mwindaji wa chui milia wa India aliyekuja kuishi Nyeri na kuzikwa huko mwaka 1955, alipewa bunduki ya risasi hizo hizo baada ya kumuua chui milia mla watu wa Champawat mwaka 1907, akawinda nayo miaka mingi.

Najua nitajibiwa kwamba nyati hajasoma habari za Bell, na kwamba sheria ya Tanzania haimruhusu mtu kumwendea nyati, simba wala tembo na bunduki iliyo chini ya .375. Yote mawili ni kweli, na sheria hiyo ni ya busara. Bell aliwafikia ndovu wengi waliokuwa hawajauzoea mlio wa bunduki, akawasogelea karibu wakiwa wametulia, na alifyatua risasi nyingi zaidi kwa mwaka kuliko wageni wengi wa leo katika maisha yao. Lakini pingamizi hilo linanisaidia mimi. Ikiwa aliyeishi na bunduki mkononi alichagua ile asiyoiogopa, anayefyatua wikendi mbili kwa mwaka anapata wapi ujasiri wa kuchagua ile ya .460? Sheria imesema .375 kwa wanyama wa hatari, basi achukue .375 na aishie hapo. Kwa swala pala na kongoni, ile ndogo inatosha na kubaki. Kazi ya kumsimamisha nyati anayekuja mbio si ya mgeni hata kidogo. Ni ya mwindaji bingwa anayesimama pembeni yake na bunduki nzito, naye analipwa kwa hilo.

Wengine husema bega huzoea. Huzoea, kwa atakayefyatua mamia ya risasi, na risasi hizo kubwa ni ghali kiasi cha kumfanya mwenyewe azihifadhi kama mahari. Kwa hiyo anafyatua sita, anapata hofu ya kutosha, anaziweka zilizobaki kabatini. Wengine hufunga mdomoni mwa mtutu kile kifaa chenye matundu kinachopunguza teke. Kinapunguza kweli, kwa kuusukuma mlipuko pembeni, yaani kwenye masikio ya mfuatilia nyayo, ambaye hakushauriwa wakati wa kununua.

Bunduki ikishachaguliwa, kuna kuiandaa, na hapa ndipo majivuno hukutana na bisibisi. Skrubu za darubini zikilegea kidogo tu, bunduki ya bei ya gari itapiga popote itakapo. Ikishapanda ndege tatu na kurushwa na wapakia mizigo, kuipima shabaha siku ya kwanza kambini ni lazima, hata kama ilipimwa vizuri kwao. Katika darubini nyingi za Marekani, mkato mmoja wa kirekebishi huhamisha risasi kama milimita 7 kwa mita 100. Mgeni mwenye haraka huzungusha ishirini upande mmoja na thelathini kurudi, akamaliza boksi la risasi na karatasi ikabaki safi. Lawama huanza kwa upepo, ikaenda kwa kiwanda cha risasi, ikapita kwa fundi, na haifiki begani. Tena hupima akiwa ameketi mezani juu ya mifuko ya mchanga. Porini hakuna meza. Kuna fimbo tatu zilizofungwa pamoja kwa juu, miiba, na pumzi iliyokatika.

Darubini nayo hununuliwa kwa nguvu zake. Iliyoachwa kwenye ukuzaji wa mara 16, nyati akitokea mita 40, haionyeshi nyati. Inaonyesha manyoya meusi, na mwenye bunduki hajui kama analenga bega, tumbo au nyati mwingine kabisa. Ukitembea, iweke kwenye namba ya chini kabisa. Na bolti, chuma kinachoingiza risasi na kutoa ganda, ifanyiwe mazoezi mpaka mkono ujue njia bila kuagizwa: inua, vuta mpaka mwisho, sukuma, shusha. Mwenye kiwewe huivuta nusu, ganda tupu halitoki, analisukuma lile lile ndani na kumfyatulia nyati ganda. Mauser, katika bunduki yake ya mwaka 1898, aliweka ukucha mpana wa kuishika risasi tangu inapotoka magazini, ili mtu asiingize mbili kwa mpigo. Dawa ya mkono unaovuta nusu hakuiweka, kwa kuwa haiuzwi.

Kwa hiyo, wewe unayejiandaa kuja, muulize muuzaji urefu wa kitako kabla ya ukubwa wa risasi, na ukiona anacheka, nenda duka jingine. Mnyama aliyejeruhiwa akapotea vichakani huhesabiwa Tanzania kuwa ameuawa, na ada yake hulipwa yote. Muuza bunduki hachangii hata senti.