Basi Lisilonguruma

Machi 2022, mabasi mawili ya umeme ya kampuni ya BasiGo yaliingia barabarani Nairobi kwa majaribio. Viti 25, mwendo wa kilomita 250 hivi betri ikijaa, moshi hakuna, ngurumo hakuna.

Hapo ndipo kasoro ilipo. Nairobi, matatu yenye heshima zake husikika kabla haijaonekana. Basi linaloondoka kimya kama mdaiwa, abiria atajuaje kama limewaka?

Bei nayo ina vituko vyake. Kwa kuwa betri ni ghali, mwenye gari hununua basi bila betri, kisha betri na chaji huzilipia kwa kila kilomita. Kama bwana harusi anayelipa mahari kwa hatua anazotembea na mkewe. Chaji kubwa hufanywa usiku yadini, umeme ukiwa rahisi zaidi. Na breki ikikanyagwa, nguvu kiasi hurudi betrini. Kwa foleni za Jogoo Road, basi hilo lilistahili kufika mjini limejaa kuliko lilivyotoka!

Umeme wenyewe si wa kubezwa: sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Ziwa Turkana. Ila una tabia zake. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu Kenya nzima iliingia gizani, uwanja wa ndege wa JKIA ukiwemo.

Madereva wa dizeli wangecheka sana usiku ule, kama pampu za mafuta nazo zisingehitaji umeme.