Kambi Haitaki Baba, Inataka Babu

Wazee wanaoongoza kambi za vijana hupenda kusema kwamba wakiwa porini hujiona vijana tena. Ni maneno matamu, ila ushahidi unayakataa. Hakuna mahali panapomkumbusha mtu umri wake kama ndani ya hema. Nyumbani, mwenye miaka 60 huamka kwa kushika ukingo wa kitanda. Hemani hakuna ukingo, kuna kamba, na kamba ikishikwa hema zima humfuata. Nyumbani miwani hulala mezani. Kambini hulala chini ya mwenyewe. Uwanda wa Makonde ndio usiseme. Mchanga wake hunywa mvua yote, mito haikai juu, na chemchemi zimejificha chini kwenye miteremko. Kwa hiyo kambi ikipigwa Newala, pale ukingoni panapotazama bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo, mandhari iko juu, maji yako chini, na katikati kuna magoti. Anayeteremka na dumu tupu huimba. Anayepanda na dumu la lita 20 huanza kuzungumzia siasa.

Basi wanaendea nini? Nadhani wanachokipata huko si ujana, ni ubabu, na hicho ndicho kambi inachokihitaji. Kwetu mjukuu ana ruhusa ya kumtania babu yake, kumwita mume mwenza na kumcheka meno, lakini baba hachekwi. Kiongozi wa miaka 30 ni baba, hata kama hana mtoto: ana hadhi ya kulinda. Akipoteza njia kwenye mikorosho, ambayo yote hufanana, hasemi. Atawapeleka vijana 40 kwa ujasiri mkubwa hadi Tandahimba, na wao walikuwa wanakwenda Masasi. Babu hukaa chini ya mkorosho, akatangaza kwamba amepotea, na papo hapo goti likapata mapumziko. Vijana wakishacheka wanaanza kutafuta njia wenyewe, na kumbe safari yote ilikusudiwa kuwafundisha hilo.

Wala mzee kuongoza vijana porini si jambo geni Masasi na Newala. Kabla hema la turubai halijafika, Wamakonde, Wayao na Wamakua walikuwa wakiwatoa vijana majumbani na kuwapeleka kumbini kwa jando, na aliyewapokea huko alikuwa mzee. Kwenye unyago, makungwi wenye magoti ya zamani kuliko ya kila aliyehudhuria ndio wanaokesha kwenye ngoma. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza Dayosisi ya Masasi tangu 1926 hadi 1944, hakulifuta jando. Alilipa sura ya Kikristo na kuliingiza kanisani. Hata kambi ya Kizungu haikuanzishwa na kijana: Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alikuwa na miaka 50 alipowapeleka wavulana kisiwani Brownsea mwaka 1907, na uzee wake akaja kuumalizia Nyeri, Kenya, alikofariki mwaka 1941 akiwa na miaka 83.

Mtu atasema jando si matembezi, na mzee wa kumbini aliogopwa, hakuchekwa. Hapo nakubali nusu. Siku za kisu hakuna utani. Lakini hakuna aliyewahi kumzuia mzee kumbini kwa sababu ya umri. Umri ndio uliomfungulia mlango. Sisi wa leo tunataka cheti cha daktari kwanza. Pingamizi zito zaidi ni hili: babu akiteguka mguu kule bondeni, nani atambeba? Watambeba vijana. Miaka nenda rudi wanajifunza huduma ya kwanza kwa kumfunga bandeji mwenzao mzima anayejifanya mgonjwa huku akitafuna muhogo. Siku hiyo watapata mgonjwa wa kweli, tena mwenye kutoa maelekezo, mwenye kulalamika kwa lugha tatu, na mwenye uzito wa kuwapa akili. Atakayekosa raha ni yule wa miaka 30, kwa kuwa lazima aandike ripoti.

Kwa hiyo kamati inayopanga kambi ya Juni, wakati uwanda una baridi, imwandike babu mmoja au bibi mmoja kwenye orodha. Na mbele ya jina lake iandike: blanketi mbili, kiti cha kukunja, na asipewe dumu.