Namna ya Kumkomesha Mgeni Aliyekupa Nyota Moja

Maoni mabaya yasome usiku wa manane, uchovu umekujaa na umeshagombana na mkeo. Ukingoja asubuhi utapata busara, na busara huharibu jibu.

Tuseme una gesti ya vyumba sita pale Jambiani, mashariki ya Unguja. Mgeni kalalamika mambo matatu: maji ya moto hayakutoka siku mbili, jogoo aliwika saa kumi alfajiri, na bahari ya kwenye picha hakuikuta. Hilo la bahari kweli lilimpata. Upande ule maji yakipwa, hasa siku za bamvua, hukimbilia mbali kule mwambani, na mtu aliyetoka Munich na chupi yake ya kuogelea hukuta mchanga, mashamba ya mwani ya kina mama na ngalawa zimekaa pakavu. Picha yako, lakini, uliipiga maji yamejaa mpaka kwenye ngazi.

Mjibu: "Bahari ni ya Mwenyezi Mungu, mimi nakodisha vyumba." Jogoo mtetee kwa nguvu zako zote, na kama ni wa jirani usiseme. Hita usiitaje kabisa, maana ndilo lalamiko pekee lenye fundi.

Kisha mwanike. Waeleze walimwengu alirudi saa ngapi usiku, na akiwa na nani. Wanaopanga kuja mwezi ujao watafurahi kujua kwamba mlinzi wako anaweka daftari.

Sasa nyota. Waite wapwa zako wote jioni moja, wakupe nyota tano kwa maneno yale yale: "Pazuri sana, karibuni." Kwenye Booking.com mtakwama, kwani pale huandika aliyeweka nafasi kupitia kwao. Google ni rahisi zaidi, simu na akaunti tu. Mtu wa maneno mengi atakukumbusha kwamba mwaka 2018 mahakama ya Lecce, Italia, ilimfunga mtu miezi 9 kwa kuuza maoni ya uongo ya TripAdvisor. Mwambie yule alikuwa akiuza. Wako wameandika kwa soda.

Ukitaka makubwa zaidi, weka faini. Hoteli moja ya Blackpool, Uingereza, ilijaribu mwaka 2014: mume na mke waliandika vibaya, wakakatwa pauni 100 kwenye kadi yao, eti masharti waliyakubali walipoweka nafasi. Habari ikazagaa dunia nzima na pesa zikarudishwa. Wewe sema, tangazo la kufika mbali hivyo ungelipata wapi kwa pauni 100?

Yote hayo ukiyafanya na vyumba bado vitupu, basi jaribu ushamba huu. Andika mistari mitatu: pole kwa usumbufu, hita imetengenezwa, na ratiba ya maji kujaa na kupwa sasa imebandikwa mapokezi. Aliyelalamika keshafika kwao na huenda asiisome. Atakayeisoma ni anayelinganisha gesti yako na ya jirani, kadi ya benki iko mkononi. Weka na picha ya maji yakiwa yamepwa, maana wapo wanaokuja makusudi kutembea mwambani. Jogoo mwache awike, ila waambie wageni mapema.

Na kabla hujaandika chochote, mpigie fundi wa hita.