Mwongozo kwa Fundi Mwenye Vidole vya Ziada

Mwongozo huu haumhusu kila mtu. Wenye vidole vinavyowatosha waendelee na msumeno wa mkono, au wasome kile kitabu kidogo kinachokuja ndani ya boksi la mashine, ambacho kwa desturi huishia kufungia karanga. Huu ni wa fundi anayejitazama mikono asubuhi na kuona vidole kumi ni vingi mno kwa mtu mmoja, na ambaye sasa Mungu amemjalia msumeno wa duara wa betri.

Hongera, fundi. Ule wa zamani ulikuwa na kasoro moja kubwa: waya. Ukitaka kubadili diski ulichomoa plagi, ukaiona imelala sakafuni, na hapo hata jini asingeweza kuiwasha mashine. Umeme ukikatika Keko nzima, msumeno nao ulinyamaza pamoja na mtaa. Wa betri hauna adabu hiyo. Uko macho juu ya benchi, uko macho ndani ya mkoba, uko macho mapajani mwako unapojaribu kama nati imekaza. Kwa hiyo betri usiitoe kamwe. Kuitoa ni kubonyeza kitufe na kuvuta, sekunde mbili nzima zinapotea bure. Badili diski betri ikiwa mahali pake na kidole kikiwa jirani na swichi. Kile kitufe kidogo kinachotakiwa kubonyezwa kwanza ndipo swichi ikubali, kifunge kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kibaki kimebonyea. Waliokiweka walikuwa na nafasi ya kuwaza. Wewe una oda ya makabati matatu.

Ujue pia unacheza na nini. Diski nyingi za misumeno hii zina kipenyo cha milimita 165. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, mwendo ambao mashine nzuri za volti 18 huufikia, ncha ya jino inakwenda zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Basi la mkoani linaruhusiwa 80.

Tuje kwenye kava, ile kinga ya chini inayorudi yenyewe kwa springi kila msumeno unapotoka kwenye mbao. Fundi wa kweli huifunga juu kwa waya wa nondo siku ileile ya kununua. Atakwambia inakwama, inaziba mstari, ni ya wanafunzi wa chuo. Kukwama ni kweli inakwama, hasa ukikata msonobari mbichi, maana utomvu na unga wa mbao huganda kwenye mhimili wake. Brashi na kitambaa vingemaliza ugomvi huo kabla chai haijapoa, lakini usafi si kazi ya fundi mkuu. Faida ya waya utaiona mara ya kwanza utakapouweka msumeno chini kabla diski haijasimama. Utatembea. Utavuka sakafu kwa miguu yake wenyewe, na kama umevaa kandambili, unajua unakoelekea.

Halafu kuna teke. Mafundi wengi wamelionja, wachache wanajua linavyopikwa. Laza mbao ndefu juu ya stuli mbili, moja kila mwisho, kisha kata katikati. Ukikaribia kumaliza, mbao italegea kiunoni na kuzama, na ile njia uliyoikata itajifunga kwa juu na kuibana diski. Meno ya mbele hukata yakitoka chini kwenda juu. Yakibanwa, nguvu yote ile haina pa kwenda isipokuwa kuupandisha msumeno utoke kwenye mbao na kumrudia aliyeushika. Ndiyo maana nasisitiza usimame nyuma yake kabisa, sawasawa na mstari wa diski, mkono mmoja kwenye kishikio na mwingine ukitafuta simu. Anayesimama pembeni kidogo, akashika vishikio vyote viwili, akaegemeza vizuri upande anaoubakiza na kuuacha ule mwingine udondoke wenyewe, huyo teke litampita na hatakuwa na cha kusimulia kijiweni.

Ukitaka uhakika zaidi, mwite kijana wa kazi ashike ule upande wa kudondoka. Mwambie, “Inua kidogo, mwanangu.” Akiinua tu, njia inafunga kwa juu na diski inabanwa bila kusubiri mbao izame. Na msumeno ukikwama, usiachie swichi ukangoja diski isimame. Uvute kwa nguvu hukuhuku unazunguka.

Kwa kuwa meno hupanda, nyuzi za mbao huchanika upande wa juu. Upande mzuri wa plaiwudi basi huangalia chini wakati wa kukata. Hili nalisema bila kejeli kwa sababu halina damu, ila limeshavunja urafiki wa mafundi na wateja wengi.

Kina cha diski nacho kina wapenzi wake. Kwa mbao ya nchi moja inatosha jino litokeze chini kwa milimita tano hivi. Lakini wewe hukununua milimita tano, umenunua diski nzima. Iteremshe yote, ikate mbao, ikate benchi, ikasalimie goti la aliye upande wa pili.

Wapo watakaosema msumeno ni ghali, na kwamba diski ya meno inafungika vizuri tu kwenye grenda. Hawa nawavulia kofia. Mimi nafundisha kupunguza vidole, wao wameshavuka mpaka kwenye mkono. Grenda ndogo huzunguka hadi mara 11,000 kwa dakika, haina kitako cha kulala juu ya mbao, haina kava inayojifunga, na diski nyingi za mbao hazikutengenezwa kwa mwendo huo. Kila diski imeandikwa kikomo chake cha mizunguko, kwa herufi ndogo kama za mkataba wa mkopo, na wasomaji wake ni walewale. Tundu likiwa kubwa kuliko mhimili, wajaze nafasi kwa kipande cha bati. Shikamooni wakuu.

Kuhusu meno, diski ya 24 ni ya kupasua na kazi za haraka, ya 40 kwenda juu ni ya kukata kwa usafi. Wewe tumia moja kwa yote, mpaka mbao ianze kutoa moshi. Diski butu hulazimisha mkono kusukuma, na mkono unaosukuma ukiteleza huwa unaelekea kulekule mbele. Iongezee uzee kwa mbao zilizotoka kwenye zege bila kung’oa misumari, au kwa mvule. Mti huo hujenga mawe ya chokaa ndani ya gogo lake, magumu hasa, na mtu huyagundua kwa cheche. Diski ikifa, inoe kwa tupa. Ncha za meno yake ni za kabaidi, ngumu kuliko tupa, kwa hiyo kitakachonoleka ni tupa. Utomvu ulioganda, ambao maji ya sabuni na mswaki wa zamani huutoa, uubandue kwa moto.

Betri nayo ina haki yake ya kuuawa. Kwanza usibabaishwe na lebo. Ile ya volti 18 na ile ya volti 20 mara nyingi ni kitu kimoja: selo tano za lithiamu zilizopangwa mfululizo, kila moja volti 3.6. Zikitoka kwenye chaja hukaribia 21 kwa muda mfupi, na muuzaji akaandika namba iliyompendeza. Zile za mia moja na ushee utakazozikuta zimechapishwa kwenye mashine za bei chee ni za kumchangamsha mnunuzi. Ukishanunua, iache juani juu ya bati. Ikitoka kazini ya moto, ichomeke kwenye chaja papo hapo isipate hata kupumua, na chaja iwe ya kuazima, ilimradi waya unaingia. Safari ya saiti itupie kwenye mfuko mmoja na misumari, vichwa vya betri vikiwa wazi. Msumari mmoja ukilala vizuri kati ya chanya na hasi, mfuko utajiwashia moto wenyewe. Ikivimba, endelea nayo. Fundi muoga huipoza kwanza, na ile asiyoitumia kwa miezi huihifadhi ikiwa imejaa nusu, kivulini.

Miwani usivae, macho ni mawili. Barakoa pia. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilishaliweka vumbi la mbao mwaka 1995 kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, pamoja na ile ya ndani ya pua, lakini hiyo huchukua miaka mingi na mwongozo huu ni wa matokeo ya haraka. Glovu pana na shati la mikono inayopepea, hayo sasa vaa. Diski hupenda kitu cha kushika.

Neno kwa bosi wa karakana. Waite vijana wako deiwaka hata kama wako nawe mwaka wa sita, usiwaandikishe popote. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa sheria ya mwaka 2008, na mchango wake hutoka mfukoni mwa mwajiri, mshahara wa kijana haukatwi hata shilingi. Usipochangia utaokoa hela ya soda kila mwezi. Siku ya siku utapitisha kofia mtaani, na watu wa Keko ni wakarimu, watakuchangia nauli ya kumpeleka Muhimbili.

Kidole kikishatoka, mwongozo wangu umekwisha na sasa msikilize daktari. Bana jeraha kwa kitambaa safi, mkono uinuliwe juu. Kidole kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevunyevu, kiingizwe kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, na mfuko huo uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja, kisilowekwe kwenye maji wala spiriti. Kiende hospitali pamoja na mwenyewe, haraka. Na anayebaki karakana atoe betri kabla hajaanza kufuta damu.