Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Malori, Washington

Kwa Waheshimiwa wa Mamlaka ya Serikali Kuu ya Marekani inayosimamia usalama wa malori,
Washington, D.C.

Yah: Hatari ya kijana wa miaka 19 akishavua magwanda

Waheshimiwa,

Pokeeni pongezi. Ni ofisi chache duniani zinazoweza kumtazama dereva mmoja, barabara ileile, zikaona watu wawili.

Tumchukue askari wa akiba mwenye miaka 19, aliyefundwa udereva wa malori kule Fort Leonard Wood, Missouri, akapewa namba ya kazi 88M. Jumamosi amevaa magwanda, yumo kwenye msafara wa jeshi na anakata jimbo baada ya jimbo. Kanuni zenu hazimgusi, kwa kuwa askari aliye kazini hadaiwi leseni ya kiraia ya magari ya biashara. Jumatatu amevaa jinzi. Sasa ni mtoto. Kuvusha mzigo mpaka wa jimbo kunataka miaka 21.

Hekima hiyo inang'aa zaidi Texarkana, mji ambao nusu yake iko Texas na nusu Arkansas, na mstari wa mpaka unapita katikati ya jengo la posta. Kijana wetu anaruhusiwa kupakia shehena ya Texas pale El Paso, apite jangwani, aminyane na foleni za Dallas, na baada ya zaidi ya kilomita 1,200 ashushe Texarkana. Hapo hakuna tatizo. Lakini akiombwa apeleke kreti mbili za soda ng'ambo ya barabara, upande wa Arkansas, usalama wa umma unatikisika. Mwaka 2018 mlitangaza majaribio kwa ajili ya vijana wa aina hii waliotoka jeshini, na kanuni ya miaka 21 ikabaki pale pale.

Tuje kwa waliokomaa. Yupo dereva aliyeendesha HET, lori la kubebea vifaru: kichwa chenye matairi 8, trela lenye matairi 40, na juu yake kifaru cha Abrams cha tani zaidi ya 60. Lori la kawaida katika barabara kuu za Marekani, pamoja na mzigo wake, halitakiwi kuzidi tani 36 hivi. Akirudi uraiani na kufanya mtihani kwa gari la otomatiki, kama alivyozoea, leseni yake inapigwa herufi E: asiguse gia za mkono. Hilo tunawakubalia, klachi hajaizoea. Lakini aliyebeba makombora jeshini akitaka kupeleka petroli kwenye kituo cha mafuta, serikali ileile iliyompa makombora inamchukua alama za vidole ichunguze kama si gaidi.

Haitakuwa haki kusema mmekaa tu. Tangu 2011 majimbo yanaweza kumsamehe askari mtihani wa barabarani, na 2018 mkayaruhusu yamsamehe hata wa maandishi. Ahsanteni. Ila msamaha wa barabarani unataka awe ameendesha miaka miwili, kisha unachacha kama maziwa: mwaka mmoja tu tangu aache kazi ile. Aliyerudi nyumbani akamuuguza mama yake kwa miezi 13 atakuta ujuzi wake umemwagwa.

Na hata akiipata leseni, kuna waajiri wanaomuuliza uzoefu wa miaka miwili. Anao. Wa kiraia? Hana. Mtasema hayo ni ya mabwana wa bima, na ni kweli, lakini mabwana hao wanasoma kwenu nani aaminiwe.

Kuna jambo moja ambalo barua hii haitalificha. Jeshini dereva hapigi rivasi peke yake. Mwenzake husimama chini na kumwongoza kwa ishara za mikono, kama utingo wa Afrika Mashariki. Kwenye ghala la kiraia yuko peke yake usiku, kati ya trela mbili zilizoegeshwa, akiwa na vioo viwili na mlinzi asiyetoka kibandani. Tena saa zake zinahesabiwa: 11 za kuendesha, 10 za kupumzika, na tangu Desemba 2017 kifaa cha elektroniki kinamwandikia. Hayo ndiyo ya kumfundisha.

Kwa hiyo, waheshimiwa, chagueni moja. Kama dereva wa miaka 19 ni hatari kwa watu wa Arkansas, waandikieni majenerali wamshushe hata Jumamosi. Kama si hatari, mfungulieni Jumatatu. Ule ukomo wa mwaka mmoja ufuteni, na mahali pake wekeni uwanja, trela na koni. Akilirudisha trela bila kugusa koni, apewe leseni yake aende kazini.