Sifa za Uzi Mkorofi

Majemadari wametungiwa tenzi, mabibi harusi wameimbiwa mpaka alfajiri, hata mnazi haukosi wa kuusifu. Ila sijamsikia aliyesimama hadharani kuusifu uzi unaovurugika chini ya kitambaa pale cherehani inapoamua kuwa leo haina hamu ya kushona. Mafundi huulaani, tena kwa sauti ya chini, maana mteja yuko karibu. Leo nausimamia mimi. Umedhulumiwa vya kutosha.

Kwanza cheo chake kieleweke. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili. Mmoja unatoka juu, unapita kati ya visahani viwili vya chuma vinavyoubana, kisha unashuka kwenye sindano. Wa pili umejificha chini, ndani ya bobini. Zikikazwa kwa kiasi kimoja, nyuzi hizi hukutana katikati ya unene wa kitambaa na kufungana humo humo, asione mtu. Mizani hiyo ikiharibika, uzi uliokazwa zaidi humburuta mwenzake upande wake. Hapo ndipo mheshimiwa wetu anapozaliwa: mara vitanzi chini ya nguo, mara vinukta vya uzi wa bobini vikichungulia juu, mara lile bonge la nyuzi ambalo halitoki ila kwa mkasi.

Ukoo wake si wa juzi. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipopata hataza ya cherehani yake mwaka 1830, mashine ile ilishona kwa uzi mmoja tu, na uzi mmoja hauna wa kugombana naye. Mafundi wa Paris, kwa kuhofia riziki yao, waliivamia karakana yake mwaka 1831 wakazivunja mashine. Haraka yao haikuwa na baraka. Wangevuta subira hadi mwaka 1846, Mmarekani Elias Howe angejitokeza na hataza ya mashine ya nyuzi mbili, na nyuzi zenyewe zingewafanyia kazi ya kuzisimamisha bila mtu kushika nyundo.

Katika sifa zake, kubwa ni kwamba hapatikani anapoonekana. Akiwa juu, hujionyesha chini. Akiwa chini, hutokeza juu. Vitanzi vikionekana chini ya nguo, mkono wa kila mtu hukimbilia bobini, na bobini ya watu haina hatia. Aliyelegea ni uzi wa juu, tena mara nyingi kwa sababu ya kuchekesha: aliyeutunga aliutunga huku mguu unaokandamiza kitambaa umeshushwa. Mguu ukiwa chini, vile visahani vimeshikana, basi uzi hupita ukingoni badala ya kuzama katikati yake. Ukitazama unauona upo mahali pake. Ukiuvuta kwa vidole unakuja kama hauna mwenyewe. Inatosha kuinua mguu, kuutoa uzi wote na kuutunga upya tangu mwanzo. Dawa hii haigharimu hata senti, na nadhani ndiyo sababu hujaribiwa mwisho.

Kinachojaribiwa mwanzo ni skrubu ya kikasha cha bobini. Hii ni skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, nayo huibana springi ya bati ambayo uzi wa chini hupita chini yake. Kuizungusha kwa upana wa unywele kunatosha kubadili mshono. Robo mzunguko tayari ni makeke. Fundi anayejijua huitia alama kwanza ili apate pa kurudi, kisha hukishika kikasha kwa ncha ya uzi wake, akakiacha kining'inie, akautikisa mkono kidogo. Kikishuka kidogo na kusimama, kimekaa sawa. Kikiporomoka mpaka chini, uzi umelegea. Kikigoma kabisa, umekazwa mno. Mwanafunzi wa kazi hana subira hiyo. Anazungusha, anazungusha tena, na skrubu inaruka kwenye sakafu iliyojaa vipande vya vitambaa. Baraza zima linapiga magoti. Majirani wasiosalimiana tangu uchaguzi uliopita wanapapasa pamoja chini ya meza moja, mmoja akimulika kwa simu na mwingine akipepeta vitambaa. Nani mwingine mtaani ana uwezo wa kuwapatanisha watu hivyo?

Tena ni mpenda usafi. Mabwana afya hutoa notisi, yeye haandiki barua. Anaivuruga kazi mpaka kile kibati chini ya sindano kifunguliwe, na kikifunguliwa aibu yote iko nje: vumbi la nguo lililoshikamana na mafuta likawa zulia, ncha ya sindano iliyovunjika zamani, nyuzi za buluu za sare za shule zilizoshonwa Januari na sasa tunaelekea Desemba. Kipande cha vumbi kikiingia chini ya ile springi ya kikasha, uzi haubanwi tena hata ukaze nini. Brashi ndogo na tone la mafuta humaliza maneno. Hata sindano hubadilishwa kwa hisani yake. Bila yeye, sindano ya namba 14 ingeshona shifoni asubuhi na jinzi jioni, mpaka ivunjike yenyewe, ilhali shifoni inataka namba 11 au ndogo zaidi, na jinzi inataka 16.

Lakini kazi anayoifanya kwa moyo wote ni uwakili. Bila yeye, fundi angejitetea kwa lipi mbele ya mteja?

“Fundi, nguo yangu tayari?”

“Dada yangu, karibu kwanza ukae. Nguo ilikuwa iishe jana, ila cherehani inavuruga uzi.”

“Si ulisema hivyo hivyo juzi?”

“Juzi ilikuwa inakata uzi. Leo inavuruga.”

Utetezi huo hauna rufaa. Mteja hajui tofauti ya kukata na kuvuruga, na akitaka ushahidi, kibonge cha nyuzi kimewekwa mezani mahsusi kwa ajili hiyo. Kwamba nguo yenyewe haijakatwa, na kitambaa bado kimekunjwa ndani ya mfuko wa dukani, hilo halina haja ya kusemwa mbele ya watu.

Yupo mmoja tu asiyemezwa na uwakili huu, naye ni shangazi wa bibi harusi. Yeye haangalii shingo wala lesi. Anaipokea gauni, anaigeuza ndani nje, anapitisha ukucha juu ya mshono wa kwapani. Akiukuta uzi wa chini umenyooka kama waya, vitanzi vya uzi wa juu vikiwa vimeushikilia tu, huushika ncha na kuuvuta polepole. Unatoka mzima. Mkono wa gauni unaachana na bega bila kelele, na shangazi anamtazama fundi usoni, hasemi neno. Mkorofi wetu ndiye aliyemwambia ukweli ambao fundi hakuwa na nia ya kuutaja.

Huko Marekani amepanda cheo zaidi. Kuna mashine kubwa za kushonea mifarishi ya tabaka tatu: kitambaa juu, pamba katikati, kitambaa chini. Kwetu nguo ndiyo inayosukumwa chini ya sindano. Kule mfarishi hutandazwa kwenye fremu, na kichwa cha mashine chenye mkono mrefu hutembea juu ya reli huku mshonaji akichora nacho maua na mawimbi. Akikikimbiza kwenye mapindo ya ua, sindano hupinda kidogo, mizani ya nyuzi hupotea, na nyuma ya mfarishi hujipanga vitanzi vidogo ambavyo wenyewe huviita kope. Mara nyingi skrubu haina haja ya kuguswa. Apunguze mwendo tu. Ila ushauri wa kupunguza mwendo hauna mnunuzi, na kipimo kinanunulika: kipo kifaa chenye mshale cha kupimia ukazo wa uzi wa bobini. Kwa sare ya shule, mimi naona kuning'iniza kikasha kunatosha. Mfarishi wa kitanda kizima, uliokaa kwenye fremu siku kadhaa, unastahili mshale wake.

Wenye busara wanajua pia namna ya kumkaribisha kwa adabu. Hutia uzi mwekundu juu na mweupe chini, wakashona kwenye kipande cha kitambaa kile kile cha kazi, wakatazama pande zote mbili. Nyekundu ikitokea chini, juu kumelegea au chini kumebanwa mno. Nyeupe ikitokea juu, ni kinyume chake. Kitambaa kigumu cha majaribio hakisemi lolote kuhusu hariri.

Basi heshima yake nimeitoa yote, na kama kuna kiti cha enzi kwenye baraza la mafundi, akikalie yeye. Ombi langu ni moja. Mwezi ukiandama na kanzu za watoto bado hazijapigwa pindo, usiku huo akalale kwa fundi wa jirani.