Nguru Mzima kwa Siku Mbili

Mke wangu alifungua friji asubuhi ya Jumatano kutafuta maziwa, akalifunga, akalifungua tena, kisha akaniita kwa jina langu kamili. Siku zote huniita kwa jina la mtoto wetu. Jina langu kamili hutumika benki na kwenye makosa.

"Humu ndani kumekufa nini?"

Nilisogea, nikainamisha kichwa, nikasema mimi sisikii harufu yoyote. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili wiki ile, na kwa kuwa ulizaliwa na wa kwanza, itabidi nianze na mzazi.

Wiki moja kabla tulikwenda Tanga kwenye harusi ya shemeji yangu. Wakati tunafunga mabegi mke wangu alinipa kazi moja tu: "Weka umeme wa kutosha." Nikaweka wa elfu mbili. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: nyumbani hakuna mtu, taa zimezimwa, televisheni imezimwa, sasa huo umeme utaliwa na nani? Friji halikunijia akilini kabisa. Ni kitu kinachokula kimyakimya usiku na mchana, kama mgeni asiyesema ataondoka lini.

Kazi ilinirudisha Dar es Salaam Jumapili, mke na mtoto wakabaki Tanga mpaka Jumanne. Nilifungua mlango nikakuta giza, mita ya LUKU imezima kimya, na jikoni pana dimbwi la maji ya rangi ya waridi. Ndani ya friza alikuwamo nguru. Naomba ieleweke kwamba huyu hakuwa nguru wa kununua. Alikuwa nguru wa mama mkwe, kilo tatu na ushei, alikuja kwa basi amezungushiwa barafu na magazeti, akakatwa vipande na kuhifadhiwa kwa siku maalumu. Sasa alikuwa amelegea kama sponji, na kichwa chake kilinitazama kama shahidi wa upande wa mashtaka.

Baadaye nilisoma kwamba friza iliyojaa, mlango wake ukiwa haufunguliwi, huweza kuhifadhi baridi kwa saa 48 hivi bila umeme. Ikiwa nusu, saa 24. Sehemu ya chini, ile ya maziwa na mboga, haivuki saa nne. Friza yetu ilikuwa nusu na sisi tuliondoka Alhamisi. Nguru yule hakuwa na bahati.

Nikafanya kile ambacho kila mwenye hatia hukifanya, yaani usafi. Nguru aliondoka usiku ndani ya mifuko mitatu, nami nikamsindikiza jalalani huku paka wa mtaa mzima wakitufuata kwa heshima kama watu wa mazishi. Nikanunua umeme wa elfu ishirini. Nikapiga deki sakafu, nikapangusa friza, nikarudisha kila kitu mahali pake, hata kikombe cha maji kilichokuwa kwenye kona, kwa uangalifu wa mwizi anayefuta alama za vidole.

Jumanne mke wangu akarudi. "Nguru yuko wapi?"

"Nimemla."

"Mzima?"

"Mzima."

"Kwa siku mbili?"

"Njaa ya safari, mama."

Alinitazama tumbo, hakusema neno, akapiga simu Tanga. Mama mkwe alifurahi mpaka nikasikia kigelegele chake nikiwa sebuleni.

Ndipo ikafika ile Jumatano, na msako ukaanza. Tulitoa kila kitu mezani. Kama hujawahi kuhamisha friji lako lote juu ya meza, hujui unaishi na nani. Sisi tulikuwa na makopo manne ya aiskrimu, na ndani yake maharage, maharage, supu na tui. Mtoto alikuwa amesimama karibu. Niliona matumaini yake yakifa mara nne. Kulikuwa na nusu kitunguu kilichokauka, pilau ya hitima ambayo sote wawili hatukukumbuka ni ya marehemu gani, dawa ya macho ya bibi aliyekwishapona na kurudi kwao, na achari ya embe iliyokuwa imeanza kupumua. Kule juu kilibaki kile kikombe, sasa kimejaa barafu. Niliuliza kama nikitupe. "Kiache," akasema mke wangu, na kwa sauti yake nilijua si suala la kujadili.

Tukatupa, tukaosha, tukarudisha. Kesho yake harufu ilikuwa palepale.

Kutafuta harufu ndani ya friji ni kazi ya kuvunja moyo kwa sababu mbili. Kwanza, baridi huibana harufu. Chakula kilichoharibika kikiwa kwenye nyuzi nne hutoa harufu kidogo tu. Ukikiweka mezani dakika kumi kinaongea. Pili, pua yenyewe ni mfanyakazi mvivu. Ukisimama kwenye uvundo kwa dakika chache pua huuzoea na kuacha kukupa taarifa, nawe unaondoka ukidhani umeshinda. Mimi nilishinda hivyo mara sita kwa siku.

Tukaita fundi. Alikuja na bisibisi moja, akafungua mlango, akavuta pumzi, akasema, "Gesi hiyo, bosi." Mafundi wetu wa friji husema gesi hata ukiwaita kwa sababu mlango umelegea. Gesi inayozunguka kwenye friji za siku hizi, iwe R134a au R600a, hainuki samaki, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Lakini mwenye hatia anapenda sana kupata mshtakiwa mwingine. Nilimuunga mkono fundi kwa moyo wote. Nikalipa elfu thelathini, gesi ikaongezwa, na friji likaanza kunuka likiwa baridi zaidi.

Baada ya fundi walikuja majirani. Wa chumba cha mbele alisema bekingi soda kwenye kisosi. Wa juu akasema mkaa. Nikaujaza kwenye soksi, ukatusaidia kidogo ukatuchafulia maziwa. Mwingine alishauri kahawa iliyosagwa, na kwa siku mbili tukawa na harufu ya mkahawa uliojengwa kwenye soko la samaki la Feri. Mimi mwenyewe, nikiwa nimekata tamaa, nilikumbuka udi. Tofauti ya kunuka na kunukia ni herufi moja, nami nilikuwa natafuta hiyo i moja tu. Nikachomoa friji ukutani, nikaingiza chetezo kwenye rafu ya katikati, nikafunga mlango nusu, nikafukiza kama anayemwandaa bibi harusi.

Sitaki mtu mwingine arudie jambo hili. Plastiki ya ndani ya friji hunywa moshi kama sponji. Kwa wiki nzima tulikunywa maji yenye udi, tukala wali wenye udi, na mtoto alirudisha chai yake mezani akisema ina ladha ya shangazi. Chini ya udi, kwa utulivu kabisa, shombo lilikuwa linaendelea na maisha yake.

Nilisema shombo. Nilijisaliti vivyo hivyo hata siku ile, mezani. "Hili shombo bwana," nikaropoka, na mke wangu akainua macho. Kiswahili hakina huruma kwa waongo. Kuna harufu, kuna uvundo, kuna kuchacha kwa maziwa, na kuna shombo, ambalo ni la samaki. Huwezi kulitaja bila kumtaja samaki.

"Shombo limetoka wapi," akauliza taratibu, "na nguru uliye naye tumboni?"

Nikasema labda ni masalia ya vidole. Nikapewa ndimu ninawe mikono.

Na hapo ndimu ikanikumbusha jambo. Shombo hutokana kwa kiasi kikubwa na kemikali iitwayo trimethilamini, ambayo ni ya kundi la alkali. Bekingi soda nayo ni alkali, kwa hiyo kuiwekea shombo ni kumpelekea ndugu yake wa kupiga naye soga. Dawa yake ni asidi: ndimu, limau, siki. Bibi zetu wa pwani hawakusomea kemia, ila hakuna aliyewahi kumpika samaki bila ndimu. Sasa dawa nilikuwa nayo. Nilichokosa ni mgonjwa.

Alipatikana na mtoto. Jioni moja alikuwa anacheza kujificha na wenzake, nikamwambia ajibanze nyuma ya friji. Akagoma. "Hapana baba. Huko ndiko kunakonuka."

Miaka sita, pua mpya.

Nililichomoa friji, nikalivuta mbele, nikapiga magoti na tochi. Chini kabisa, juu ya kompresa, kuna kisinia cha plastiki ambacho nimeishi nacho miaka minane bila kujuana. Ndani ya friji, ukutani kwa nyuma, pana mfereji mdogo wenye tundu. Maji ya barafu inayoyeyuka hupita humo na kushuka kwenye kisinia, kisha joto la kompresa huyakausha. Ni ufundi mzuri sana maadamu ni maji. Mimi nilikuwa nimepitisha mchuzi wa nguru wa kilo tatu, halafu nikanunua umeme wa elfu ishirini wa kuuchemsha kwa moto mdogo, usiku na mchana, kwa wiki mbili. Mvuke ulikuwa unapanda kwa tundu lilelile na kurudi kwenye maziwa.

Sitaeleza kilichokuwamo. Nilikitoa kisinia kwa glavu na kitambaa puani, nikakilowesha kwenye siki usiku kucha, nikamimina maji ya moto yenye ndimu kwenye tundu mpaka yakatoka safi, nikasugua raba ya mlango kwa mswaki wa zamani, mkunjo kwa mkunjo. Kesho yake friji lilikuwa halinuki wala halinukii.

Usiku huo, kwa furaha ya ushindi, nikaamua kukiri. Nilianza mbali, kwenye gharama za maisha na bei ya uniti, nikawa nakaribia taratibu. Mke wangu alinisikiliza kidogo, akainuka, akaenda kwenye friza, akarudi na kile kikombe. Akakipindua juu ya kisahani, barafu ikadondoka. Mahali palipokuwa kitako cha kikombe, palikuwa na sarafu ya shilingi mia mbili.

"Tukisafiri huwa naigandisha barafu kwanza, ndiyo naweka hela juu," akasema. "Umeme usipokatika, hela naikuta juu."

Aliikagua Jumanne ile, akiwa bado hajavua viatu, kabla hata hajaniuliza nguru yuko wapi.

Nguru wa pili alifika Jumamosi kwa basi la mchana. Ana kilo tano, na salamu za mama mkwe zinasema ni wa kwangu peke yangu.